Tangazo Lisilo na Mkia

Asubuhi ile Redio alitangaza kamba za nguo kwa sauti ya msiba, na mtaa mzima ukacheka.

Mke wake alikuwa wa kwanza kucheka. Alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imezama hadi viwikoni katika povu lililompa jina lake mtaani, Mama Povu, aliposikia kipaza sauti kikikoroma kule mwanzo wa barabara. Aliijua baiskeli ya mumewe kwa mnyororo wake unaolalamika. Kwanza kikaja kikohozi, kisha sauti.

"Tangazo, tangazo. Ofisi ya mji inawatangazia wakazi wote wa mtaa huu kwamba kuanzia leo saa sita mchana ni marufuku kuanika nguo, shuka, pazia au kitambaa cha aina yoyote mahali panapoonekana kutoka barabarani. Atakayekiuka atachukuliwa hatua. Mwisho wa tangazo."

Mama Povu akaacha kusugua. Alikuwa anasubiri mkia.

Kila tangazo la Redio lilikuwa na mkia. Ofisi ilimpa karatasi, naye aliisoma neno kwa neno, kisha akaongeza la kwake, na watu walitoka milangoni kwa ajili ya hilo la kwake. Ofisi iliposema maji yatakatika siku mbili, Redio aliongeza, "Siku ya tatu watakata hewa, jazeni ndoo mapema." Ofisi iliposema mkutano utaanza saa tatu kamili, aliongeza, "Saa tatu ya kwao, si ya saa zenu. Mwenye mtoto mchanga amchukue, atarudi naye akitembea." Tangazo moja tu halikuwa na mkia, nalo ni la msiba. Hapo Redio alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasoma taratibu kwa sauti iliyonyooka kama rula, akamaliza, akazima. Hata watoto walijua: Redio akitangaza bila mkia, kuna mtu amefariki.

Mkia wa kamba za nguo haukuja. Kipaza sauti kilizimwa, mnyororo ukalalamika, baiskeli ikaelekea mtaa wa pili.

"Mama Povu!" aliita fundi cherehani kutoka ng'ambo ya barabara, mwanamke mnene aliyeshona nguo barazani kwake. "Mumeo leo ameizika kamba!"

"Nimemsikia! Hata kofia nadhani amevua."

"Marehemu ameacha wajane wangapi?"

"Ameacha vibanio mia mbili na suruali za mwalimu!"

"Mazishi saa sita mchana, jamani, msichelewe!"

Kicheko kikapita mlango kwa mlango. Waliona kwamba safari hii Redio amewapiga chenga. Mkia wenyewe ulikuwa ile sauti. Nani asiyejua kwamba jua halikatazwi? Mama Povu akakamua shuka ya mwisho, akaipiga hewani ikalia pwaa, akaianika mbele ya nyumba, kwenye kamba ndefu iliyotoka mlangoni kwake hadi kwenye nguzo ya taa. Hapo ndipo jua lilipofika. Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta wa jirani, na katikati uchochoro ambao hata leso haikukauka.

Shuka zilikuwa arobaini na mbili, za nyumba ya wageni iliyokuwa mwisho wa barabara. Mwenye nyumba hiyo alizileta mwenyewe jana yake, akaziweka chini kama mtu anayeweka mtoto.

"Keshokutwa napokea watu wa msafara," alimwambia. "Yule mgeni mkubwa wa serikali mwenyewe atapita tu hapa barabarani, lakini madereva, walinzi na wapiga picha wanatangulia keshokutwa usiku, na watalala kwangu. Nataka shuka zinukie jua, mama. Keshokutwa jioni nazifuata."

"Umewahi kukosa shuka zako kwangu?"

"Miaka sita, hata siku moja."

Shuka hizo ndizo zilizoilisha nyumba. Redio alilipwa kwa tangazo, na kulikuwa na majuma ofisi haikuwa na la kusema.

*

Saa sita na dakika chache lori lilisimama. Waliteremka askari wa mji wanne, wakaanza kuanua nguo bila kutoa vibanio, wakizivuta tu, na vibanio vikaruka huku na huko kama panzi.

"Nyie! Nyie vijana!" Mama Povu alitoka mbio, mikono inachuruzika. "Hizo ni nguo za watu!"

"Marufuku imeanza saa sita, mama."

"Marufuku gani? Ule ulikuwa utani! Yule ni mume wangu, namjua, alikuwa anatania!"

Mkubwa wao akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hakutania. Leo ndiyo amesoma vizuri kuliko siku zote."

Mama Povu akamgeukia mdogo wao, kijana mwembamba aliyekuwa anakunja mikononi shati la rangi ya udongo. "Na wewe unanichukulia hilo? Si shati lako hilo? Mfuko wa kushoto una doa la wino, nimelisugua kwa limau nusu saa."

Kijana akaangalia doa. Kisha akamwangalia mkubwa wake.

"Mimi sina shati huku, mama," alisema kwa sauti ndogo, akalitupa shati lake kwenye lori.

Ng'ambo, fundi cherehani alisimama na sindano mdomoni, akitazama vitambaa vyake vikiondoka. Hakuna aliyecheka tena. Lori lilipoondoka, shuka moja ilining'inia nje ya ubao wa nyuma ikafagia vumbi hadi kona.

Redio alirudi saa nane akisukuma baiskeli. Alikuta kamba tupu na mke wake amekaa kizingitini, amezungukwa na vibanio alivyookota.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mama Povu.

"Nilikuambia. Nilikutangazia kama nilivyowatangazia wote."

"Ulitangaza kama mtu amekufa!"

"Nilisoma karatasi ikaisha, nikafunga mdomo. Si ndivyo ulivyotaka, mama watoto?"

Ndivyo alivyotaka. Juma lililopita ofisi ilitaka wananchi wawe watulivu kuhusu umeme, na Redio akaongeza, "Tumekuwa watulivu hadi nzi wanatutulia usoni." Aliitwa ofisini. Akaambiwa mkia mmoja mwingine tu, kipaza sauti kitabaki hukohuko. Usiku huo Mama Povu alimshika mikono yote miwili, akamwomba kama alivyomwomba miaka kumi na minne, safari hii akilia: soma karatasi, panda baiskeli, njoo nyumbani. Na yeye akaapa.

"Ungebadilisha hata sauti," alisema sasa.

"Ipi?" Redio akakaa kando yake. "Ninazo mbili tu. Moja ina mkia. Nyingine ndiyo hiyo."

*

Nguo zilikuwa kwenye uwanja wa nyuma wa ofisi ya mji, lundo moja la mtaa mzima: pazia, soksi, nguo za shule, sidiria, taulo. Ukutani palikuwa na watu wapatao ishirini wamesimama mbali kidogo na lundo hilo, kila mmoja akitazama juu kana kwamba anangoja mvua. Mama Povu aliwajua wote. Muuguzi alikuwepo, na mwalimu, na fundi cherehani. Nguo zao nyingi alizifua yeye.

Karani alikuwa kijana mwenye uso mwema, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipomwona Redio alisimama akampa mkono.

"Kaka, hongera! Mkuu amefurahi mno. Anasema kumbe unaweza. Tumeanza kuandika barua ya pongezi."

"Asante," alisema Redio. "Tumefuata nguo."

"Nguo hakuna shida, zinatoka leo leo." Akachomoa fomu. "Mwenye nguo anaandika idadi, anasaini hapa chini. Basi."

Mama Povu aliisoma fomu mara mbili. Alisoma polepole, lakini alisoma. *Mimi niliyetaja jina hapo juu nakiri kwamba vitu hivi ni vyangu na kwamba nilivianika mahali panapoonekana kutoka barabarani.*

"Hii ni ya kuchukua nguo au ya kukubali kosa?"

Karani alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama yangu, ni karatasi moja tu. Tumebana matumizi."

"Na asiyesaini?"

"Basi nguo si zake."

Ndiyo maana watu walikuwa wamesimama ukutani. Muuguzi alikuwa mtumishi wa umma, na mwalimu vilevile. Hakuna kati yao aliyetaka jina lake kwenye fomu ile. Mwalimu alisogea, akanong'ona bila kufungua midomo vizuri.

"Mama Povu, suruali zangu tatu. Unazijua."

"Nazijua, mwalimu. Saini uchukue."

"Mimi sikuanika. Mimi nilikupa ufue." Akaangalia ukuta. "Mwenye kuanika ni wewe, dada yangu, au nakosea?"

Hakukosea. Mama Povu aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Muuguzi alimpokea mwanawe wa pili. Fundi cherehani alikuwa anafuta machozi kwa futi ya kupimia.

"Lete kalamu," alisema.

"Mama watoto," Redio alimshika kiwiko.

"Niache. Nikirudi bila hizi shuka kesho sina kazi. Na nikichukua shuka niache suruali, keshokutwa sina mteja."

Akapiga magoti kwenye lundo. Kila mteja alikuwa na uzi wake kwenye pindo: nyumba ya wageni uzi mwekundu mafundo mawili, mwalimu buluu, muuguzi kijani, askari mwembamba uzi mweusi fundo moja. Alivuta nguo baada ya nguo, akipindua pindo, akitaja idadi, na karani akiandika, huku askari wakipita na kucheka walipoona chupi. Za fundi cherehani hazikuwa na uzi, lakini alizijua kwa mshono, akazitoa pia. Vipande sitini na tisa. Akasaini, kwa jina la kwenye kitambulisho ambalo hakuna aliyemwita tangu aolewe.

"Kosa la kwanza halina adhabu kubwa," alisema karani, akigonga muhuri. "Ni jina tu kutangazwa. Keshokutwa jioni, msafara ukishapita."

"Litangazwe na nani?" aliuliza Redio.

Karani akainua kichwa, akaona aliyemuuliza, na uso wake mwema ukafanya haya. "Nikwambie nini, kaka. Mtangazaji tunaye mmoja."

"Asome mtu mwingine. Nawapa kipaza sauti, bure. Chukueni hata baiskeli."

"Na huyo mwingine tumtoe wapi? Kaka, usifanye jambo hili likawa refu. Soma kama ulivyosoma leo. Ukikataa, nitalazimika kuandika kwamba umekataa, na nikiandika watauliza kwa nini, na mimi sitaki kuandika kwa nini. Unanielewa?"

Redio alimwelewa. Wakati wa kutoka aliziona chupa mbili za soda mezani, moja imefunguliwa kwa ajili yake. Hakuinywa, lakini pia hakujua asemeje, kwa hiyo alisema asante.

*

Shuka zilirudi na vumbi la lori na alama za viatu. Mama Povu alizifua upya usiku ule, na kesho yake akazianika ndani. Alizungusha kamba kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi kwenye msumari wa saa, akateremsha saa. Watoto walipelekwa kwa dada yake. Chumbani paligeuka njia nyeupe zenye baridi, na yeye na Redio walitembea wameinama, wakiitana kama watu waliopotea msituni.

"Uko wapi?"

"Huku, nyuma ya kumi na nane."

"Imekauka?"

"Inanata."

Walipasha pasi ya mkaa wakazipiga moja moja. Mvuke ulipanda darini ukashuka tena. Jioni mwenye nyumba ya wageni alikuja. Alichukua shuka moja, akaiweka puani.

"Zinanuka moshi," alisema. "Na unyevu."

"Nipe kesho zipate hewa, nitaziingiza uchochoroni, nitazishika kwa mikono kama..."

"Wageni wanafika saa mbili, mama."

"Miaka sita, bosi."

"Ninajua ni miaka sita. Mimi sina ugomvi na wewe." Alikuwa anakunja ile shuka vizuri, kona kwa kona, jinsi Mama Povu alivyozikunja siku zote. "Lakini jina lako linatangazwa kesho, na wageni wangu ni wageni wa serikali. Kuna jamaa ana mashine ya kukausha. Nitampa yeye kwa sasa. Kwa sasa tu."

Alibeba shuka zote arobaini na mbili, zenye unyevu vilevile. Aliona aibu kuagana, akampa mkono Redio badala yake.

Waliketi katika chumba kilichokuwa kikubwa ghafla. Ukutani, mahali pa saa, palibaki duara jeupe.

"Kesho," alisema Mama Povu, "weka mkia."

Redio aligeuka.

"Hata mdogo. Sema lolote. Sema mke wangu ni hatari kwa usalama wa barabara. Sema shuka zake zilimtisha mgeni. Watu wacheke, baba watoto. Nikitangazwa watu wakicheka, nitatoka kesho yake niende sokoni. Ukinisoma kavu nitatokaje?"

"Wakichukua kipaza sauti?"

"Wachukue."

"Na shuka hakuna?"

Mama Povu alianza kuifungua kamba kabatini. Alijua hesabu hiyo kama alivyoijua yeye.

*

Msafara ulipita saa nne asubuhi. Barabara ilikuwa safi, haina hata leso. Magari yalikuwa kumi na moja, vioo vyeusi vimefungwa, na yalipita kwa muda usiotosha kukamua shuka moja. Vumbi lilipotulia fundi cherehani alisema peke yake, "Haya, wameona," na hakuna aliyedakia.

Saa kumi jioni kipaza sauti kikakoroma. Mama Povu alikuwa kwenye beseni. Hakuwa na nguo za mtu. Alikuwa anafua matambara ya jikoni, ili mikono iwe na kazi.

"Tangazo, tangazo. Ofisi ya mji inawatangazia wakazi wote." Kisha jina lake lote, la kwanza, la baba na la babu. "Maarufu kwa jina la Mama Povu, mkazi wa mtaa huu." Sauti ilinyooka kama rula. Kosa likatajwa, vipande vikatajwa, sitini na tisa. "Mwisho wa tangazo."

Hakuzima.

Barabara yote ilisikia kwamba hakuzima. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na ndani yake mtu alikuwa anavuta pumzi. Fundi cherehani aliinua mguu kutoka kwenye pedali. Mwalimu alitokeza dirishani. Mama Povu alikamata tambara kwa mikono miwili, akainua uso, midomo yake ikijiandaa kabisa kucheka. Pumzi iliingia. Ikatoka. Iliingia tena, ndefu, kama ya mtu anayetaka kunyanyua mzigo. Kisha ikasikika tiki, na baada ya hapo ni mnyororo tu, ukienda mtaa wa pili, na wa tatu.

Aliyafua matambara yale hadi maji yakapoa.

Haukupita muda mrefu alisikia kandambili zikikimbia vibaya, kama za mtu asiyezoea kukimbia. Alikuwa Bibi Ufagio wa mtaa wa tatu, ajuza anayetengeneza mifagio, ambaye masikio yake yalishika sauti na majina lakini si maneno mengine. Alikuwa amejifunika kichwa kwa mtandio mweusi. Alifika mlangoni, akavua kandambili, akaanza kulia kabla ya kuinua macho.

"Mwanangu mimi! Juzi tu alinifulia blanketi, hakutaka hata..."

"Bibi," alisema Mama Povu. "Bibi, ni mimi."

Ajuza alimtazama. Akamshika shavu kwa vidole vikavu, akalibonyeza, akabonyeza na la pili.

"Hujafa?"

"Sijafa."

"Nimesikia jina lako. Kwa masikio yangu. Redio mwenyewe."

"Alikuwa anasoma la ofisini, bibi."

Bibi Ufagio alifikiri. Machozi bado yalikuwa yanateremka, maana yalikuwa yameshaanza na hayakuwa na pa kurudi.

"Sasa kama hujafa," alisema, "mbona mumeo amekusoma vile?"

Mama Povu akasogea kwenye benchi, akampa nafasi, na ajuza akaketi, akamshika mkono uliolowa. Nyuma yake walikuwa wanakuja wanawake wengine wawili wa mtaa wa tatu waliofuata kilio chake, vichwa vimefunikwa, na nyuma yao mmoja mwenye mtoto mgongoni. Walimwona yu hai wakasimama. Lakini walikuwa wameshafika, wameshavua viatu, na hakuna aliyejua mtu anarudije kutoka kwenye msiba usio na maiti. Wakaketi. Fundi cherehani alivuka barabara, akaketi nao.

Redio alifika jua likizama, akisukuma baiskeli, kwa sababu siku ile hakuweza kuipanda. Aliwaona wanawake wamekaa kimya mlangoni kwake, na katikati yao mke wake. Alisimama. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukavua kofia.

"Pole sana, baba," alisema Bibi Ufagio.

Redio alimtazama mke wake, na mke wake akatazama mikono yake.

"Asante," akajibu.